Hita inapuliza moto mara baridi: kabla hujagusa dashibodi, angalia maji

Wakuu, najua wengi wakisikia habari ya hita wanauliza Kigoma hita ya nini, hapa mjini joto lipo mwaka mzima na kitu tunachohangaika nacho kwenye gari ni AC. Lakini anayepandisha Manyovu au Kasulu alfajiri mwezi wa saba ananielewa, na anayetoka hapa usiku kwenda Tabora kupitia Uvinza ananielewa pia, kuna saa kioo cha mbele kinajaa ukungu wa pumzi za abiria, vidole vinakufa ganzi kwenye usukani, na hapo ndo unakumbuka gari ina hita. Unaiwasha, inapuliza moto dakika tano, halafu baridi, ukikanyaga mafuta inarudi moto, ukiachia inapoa tena.

Mi hiyo dalili niliipuuza ikaniua gasketi. Nina Noah ile ya zamani, ile ambayo injini iko chini ya viti vya mbele. Siku hiyo nilitoka Mwandiga kama saa kumi na moja alfajiri kupandisha Manyovu, gari imejaa, mizigo juu ya keria, na mbele amekaa mama mmoja amempakata mtoto. Mwanzo hita ilikuwa moto kabisa. Tulivyoanza kukaza milima ikaanza kupuliza hewa ya baridi, yule mama akaniambia, "Mwanangu mbona umezima joto, mtoto anatetemeka." Sikuwa nimezima kitu. Nikaangalia geji ya temperecha, mshale uko katikati pale pale unapokaa siku zote, nikasema basi hii ni hita tu imeharibika, nitaishughulikia nikirudi. Nikaendelea kupanda. Hazikupita dakika kumi mshale ukaruka kutoka katikati mpaka kwenye nyekundu kwa mara moja, mvuke ukaanza kutoka chini ya kiti cha yule mama, ikabidi nimshushe na mtoto wake haraka kwenye baridi lile barabarani. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku chini yake, ilikuwa imekwenda na hedi yenyewe imepinda, ikapelekwa kuchongwa.

Kwa hiyo chukueni hili kabla ya mengine yote: hita ikipoa ghafla wakati gari inafanya kazi nzito na hujagusa swichi yoyote, hiyo mara nyingi ni injini inakwambia maji yameisha, na inakwambia mapema kuliko geji. Sababu yake ni kwamba sensa ya geji inapima vizuri ikiwa imezama kwenye maji. Maji yakishuka inabaki ndani ya mvuke na hewa, hapo inaweza kukuonyesha joto la uongo. Halafu geji za magari mengi ya sasa zimetengenezwa mshale utulie katikati hata joto likipanda na kushuka kiasi, ukiona umeanza kutembea ujue tayari mambo yameshaharibika. Wenye Vitz na Passo na vigari vingine ambavyo havina geji kabisa, vina taa ya bluu ya injini baridi na taa nyekundu ya hatari basi, nyie ndo hita muichukulie kama geji yenu.

Hita yenyewe haina moto wake. Kuna rejeta ndogo imefichwa nyuma ya dashibodi, maji ya moto ya injini yanaingia kwa mpira mmoja yanatoka kwa mwingine, blowa inapuliza hewa ipite kwenye ile rejeta ndogo ndo unapata joto. Kwa hiyo joto likija na kuondoka, ama maji ya moto hayafiki muda wote, ama yanafika lakini hewa inapitishwa njia nyingine. Upande wa maji ndo wenye hatari na ndo unaotokea zaidi, upande wa hewa unakera tu. Anza na maji, hata kama fundi wa kwanza utakayemkuta anataka kushusha dashibodi.

Pa kuanzia ni asubuhi injini ikiwa imelala na imepoa kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta yenyewe, sio kitenki cha akiba peke yake. Hapa ndo nilipokosea miezi. Kila asubuhi nilikuwa nachungulia kitenki, naona maji yapo kati ya mistari miwili, nafunga boneti na moyo wangu mweupe. Baada ya gari kuvutwa, mzee mmoja fundi pale Mwanga alifungua mfuniko wa rejeta mbele yangu akaniambia, "Kijana, ingiza kidole." Nikaingiza kidole chote, pakavu. Nikamwambia mzee lakini kitenki kina maji, akaniambia kitenki kinakuonyesha maji ya kitenki. Injini ikipoa rejeta inatakiwa ivute maji kutoka kwenye kitenki, sasa kama ile valvu ndogo ya katikati ya mfuniko imeoza, au kale kampira kembamba kanakounganisha kana ufa, rejeta inavuta hewa badala ya maji. Kitenki kinabaki kimejaa na rejeta inakauka. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na kuchonga hedi.

Na mfuniko usiudharau kwa sababu nyingine. Maji ndani ya rejeta yanakaa kwenye presha, kwa magari ya Kijapani utakuta mfuniko umeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo presha ndo inazuia maji yasichemke hata yakivuka nyuzi 100. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, tayari hapo maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, na kila ukipanda mita 300 inapungua kama nyuzi moja. Mfuniko usioshika presha unaweza kuonekana hauna shida ukizunguka Ujiji na Gungu, halafu siku unapandisha na mzigo maji yanachemka, mvuke unakimbilia sehemu ya juu ya mfumo, na rejeta ya hita kwenye magari mengi imekaa juu. Hita inapoa. Usiufungue injini ikiwa ya moto hata kama unaharaka vipi, maji yanaruka usoni na ngozi inatoka nayo, nimemuona konda mmoja akiungua mkono mpaka kwenye kiwiko.

Sasa tuje kwenye dalili yenyewe inavyojitokeza, maana moto na baridi haviji kwa mtindo mmoja na mtindo ndo unaokuonyesha pa kwenda.

Ukisimama inapoa, ukipiga resi inarudi moto. Hii ndo inayoulizwa kuliko zote. Gari iko kwenye foleni au umesimama unasubiri abiria, hita inapuliza baridi, unakanyaga mafuta sekunde kumi joto linarudi. Maana yake mzunguko wa maji ni dhaifu, injini ikizunguka polepole wota pampu haina nguvu ya kuyafikisha maji mpaka kwenye rejeta ya hita. Tisa kati ya kumi nilizokutana nazo ni maji yamepungua au kuna upepo umenaswa ndani, hasa kama hivi karibuni ulibadilisha mpira, themostati au rejeta na fundi akajaza maji, akafunga, akakuachia gari bila kutoa upepo. Jaza, toa upepo (nitaeleza chini), angalia kama inakaa sawa wiki nzima. Kama maji yamejaa na upepo umetolewa na bado iko hivyo, shuku wota pampu yenyewe. Kwenye injini ambazo zimekunywa maji matupu kwa miaka, mapanga ya pampu yanaliwa na kutu mpaka yanabaki vipande, pampu inazunguka vizuri ukiiangalia kwa nje, haivuji, haina kelele, lakini haisukumi. Angalia pia belti inayoizungusha kama imelegea au imekuwa ya kung'aa kwa kuteleza, hiyo unaiona kwa macho. Ila kwenye injini ambazo pampu inazungushwa na taimingi belti huwezi kuiona bila kufungua, na kwenye hizo ukibadilisha taimingi belti badilisha na pampu humo humo usije ukalipa kazi mara mbili.

Ukisimama au ukipanda mlima ni moto, ukishuka mteremko au ukiachia mwendo barabara nzuri inapoa. Hii ni kinyume cha ile ya kwanza na jibu lake ni themostati, ama imekwama wazi ama haipo kabisa. Na haipo kabisa huku kwetu ni kawaida kuliko mnavyodhani. Kuna mafundi gari ikichemsha tu kitu cha kwanza ni kuitoa themostati na kuitupa, wanasema hiyo ni ya nchi za baridi. Mi hili linaniuma kwa kweli kwa sababu wanaambiwa watu ambao hawana namna ya kubisha. Themostati kazi yake ni kuufunga mlango wa maji kwenda rejeta kubwa mpaka injini ifike joto lake la kazi, nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, maji yanapita rejeta kubwa muda wote, unaposhuka kutoka Manyovu kuja Mwandiga injini haina kazi, upepo unapiga rejeta, injini inapoa chini ya kiwango na hita inapuliza hewa vuguvugu au baridi kabisa. Ukifika tambarare ukasimama joto linarudi. Mshale wa geji nao unashuka kidogo chini ya ulipozoea, au ile taa ya bluu inawaka tena wakati gari ilishapata moto. Kinachoumiza ni mafuta, kompyuta ya gari inaona injini bado ya baridi inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inakaa nzito na injini inakwisha mapema. Na kama gari ilikuwa inachemsha kwa sababu ya rejeta iliyoziba, rejeta bado imeziba vile vile, kutoa themostati kumeificha shida tu mpaka upate mlima mrefu.

Kuipima themostati hauhitaji mashine. Itoe, inyanyue kwenye mwanga ikiwa ya baridi, ukiona mwanga unapenya pembeni ya kile kisahani haifungi, tupa. Kama imefunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, iningʼinize kwa waya isiguse chini, washa moto uiangalie. Kabla maji hayajachemka inatakiwa ianze kufunguka taratibu na ifunguke milimita kadhaa, ukiitoa kwenye maji ijifunge yenyewe. Namba ya nyuzi joto imegongwa kwenye chuma chake, nunua yenye namba hiyo hiyo. Wakati wa kuirudisha, kale katundu kadogo kenye kipini kinachochezacheza kakae upande wa juu, ndo kanapotolea upepo, kakiwa chini utahangaika na upepo siku nzima.

Hita inapoa na wakati huo huo geji inapanda. Hapa hakuna cha kuchunguza, weka gari pembeni, zima, shusha watu. Kuna ule ushauri wa zamani kwamba gari ikianza kupata joto washa hita mpaka mwisho ili isaidie kupoza, na ni ushauri wa kweli, rejeta ya hita ni rejeta ya pili na inapunguza joto kidogo la kukufikisha mahali salama. Lakini angalia kinachotoka. Ikipuliza moto mkali maji yapo na yanazunguka, unaweza kusogea polepole mpaka pa kusimama. Ikipuliza baridi huku mshale unapanda, maji hayapo, na kila mita unayokwenda unaipika hedi. Subiri ipoe, sio dakika kumi, nusu saa na zaidi, na usimwagie injini ya moto maji ya baridi ya ndoo kama wanavyofanya wengine, hedi ya aluminiamu inapasuka.

Unatoa upepo, hita inapona siku mbili tatu, halafu ile ile inarudi, na maji yanapungua lakini hauoni tone chini. Hii ndo ya kuogopa zaidi. Gasketi ya silinda hedi ikianza kupitisha, gesi ya mlipuko wa injini inaingia kwenye maji, inatengeneza mapovu, mapovu yanapanda yanakaa kwenye rejeta ya hita na joto linakatika. Ukiyatoa yanatengenezwa mengine. Asubuhi injini ikiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta, jaza mpaka juu, mwambie mtu awashe we angalia pale mdomoni. Mapovu machache ya mwanzo ni kawaida, upepo uliobaki unatoka. Yakiendelea mfululizo kama maji ya ugali yanayoanza kuchemka wakati injini bado ni ya baridi, na ukinusa unapata harufu ya moshi wa ekzosi, umepata jibu. Namna nyingine ni kuubana mpira wa juu wa rejeta kwa mkono dakika moja au mbili baada ya kuwasha ikiwa ya baridi, ukiwa mgumu kama tairi lililojazwa wakati maji hayajapata hata vuguvugu, hiyo presha imetoka kwenye silinda. Kuna pia moshi mweupe wenye harufu tamutamu usiokatika, ila msichanganye na ule mvuke wa asubuhi ya baridi kule Kasulu, ule unapotea injini ikipata moto. Na oili ikiwa kama chai ya maziwa kwenye stiki usiwashe tena gari. Lakini oili kuwa safi haimaanishi gasketi ni nzima, yangu ilikuwa imekufa na oili ilikuwa safi.

Maji yamejaa, geji imetulia, hayapungui, na bado hita inakuja na kuondoka. Sasa ndo unaweza kusogea kwenye hita yenyewe. Gari ikiwa imepata moto, tafuta mipira miwili inayopita kwenye ule ukuta wa bati kati ya injini na dashibodi, iguse kwa uangalifu. Yote miwili iwe ya moto, mmoja ukiwa umepoa kidogo tu. Yule mzee aliniwekea mkono wangu kwenye wa kwanza nikautoa haraka kwa joto, akauweka kwenye wa pili, ulikuwa umepoa kama chupa ya soda iliyokaa kivulini. Rejeta ya hita imeziba. Akafungua mipira yote miwili, akaunganisha mpira wa bustani upande yanapotokea maji ili asukume kinyume, akafungua bomba taratibu. Mwanzo yalitoka matone, halafu yakatoka maji ya rangi ya chai ya rangi na magamba madogo madogo meupe na mekundu, kama robo saa hivi mpaka yakawa safi. Tumia presha ndogo, anayekwambia apige na kompresa mkatalie, rejeta ya hita ina kuta nyembamba ikipasuka ndo dashibodi itashuka kweli.

Yale magamba yanatoka kwenye maji tunayoyatia. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na ni ya alkali, angalia birika la nyumbani linavyojenga utando mweupe ndani, huo huo utando unajijenga kwenye rejeta, na tundu za rejeta ya hita ni nyembamba kwa hiyo zinaziba mwanzo. Visima vingine ni vibaya zaidi, na kule Uvinza kwenye chemchemi za chumvi msije mkadiriki kujaza rejeta. Weka kulanti, ile dawa ya rangi ya kupozea injini, kama ni ile nzito changanya nusu kwa nusu na maji ya betri (yale ya kuongezea, sio asidi) au maji yaliyosafishwa, kama ni iliyokwisha kuchanganywa weka hivyo hivyo. Kulanti sio mambo ya barafu peke yake, inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka, vitu viwili tunavyovihitaji sisi kuliko mtu wa nchi za baridi. Njiani ukikwama weka maji yoyote safi ufike, halafu ukifika uyatoe. Na dawa za kuziba rejeta inayovuja achaneni nazo, wala manjano, wala yai, nimeona watu wanatia, vinaziba kitundu kinachovuja na vinaziba hita pamoja nacho.

Mipira yote miwili ikiwa ya moto na bado ndani kunapuliza baridi, shida ni ya hewa, hapa nitapita haraka. Ndani kuna kilango kinachochagua hewa ipite kwenye rejeta ya hita au iikwepe, kwenye magari ya zamani kinavutwa na waya wa kitufe cha kuzungusha, ukichomoka au ukilegea kilango kinajiachia ukipita kwenye makorongo. Kwenye ya kisasa kuna mota ndogo, ikifa meno utasikia tik tik tik nyuma ya dashibodi ukiwasha gari au ukibadilisha joto. Upande wa dereva moto na wa abiria baridi, kwa gari yenye vitufe viwili vya joto, ni mota hizo hizo. Land Cruiser na Hiace za zamani zina pia valvu ya maji kwenye mpira wa hita inayovutwa na waya, ikishika kutu inafunguka nusu. Na kama gari yako ina kitufe cha AUTO na umeweka 22, kupuliza moto halafu kupoa ndo kazi yake, imefika kwenye 22 inapunguza, weka namba ya juu kabisa uone kama joto linakaa kabla hujaenda kwa fundi umeme.

Kapeti ya abiria ikiwa imelowa, kioo kinapata utando wa mafuta na kuna harufu tamutamu ndani, rejeta ya hita imetoboka. Gusa ule unyevu, ukiteleza vidoleni na una rangi ni kulanti, ukiwa maji safi tu ni mpira wa kutolea maji ya AC umeziba na hiyo ni kazi ndogo.

Kutoa upepo sasa. Paki gari pua ikiwa juu, kwenye kamlima au pandisha tairi za mbele kwenye mawe imara, weka hendibreki na kabari nyuma. Injini ya baridi, mfuniko wazi, joto la hita mpaka mwisho, blowa kidogo. Jaza taratibu, binyabinya mipira ya rejeta utaona mapovu yanatoka na maji yanashuka, jaza tena. Washa, acha iungurume bila mfuniko, simama pembeni sio juu ya mdomo, endelea kuongeza. Mpira wa chini wa rejeta ukianza kupata moto themostati imefunguka, maji yatashuka kwa mara moja, ongeza haraka. Piga resi kidogo mara tatu nne, ndani hita iwe inapuliza moto hata ukiachia. Funga, jaza kitenki mpaka mstari wa juu. Kwa wenye Noah na Hiace zenye hita ya nyuma, iwasheni nayo wakati huo wote, kwa sababu kuna mabomba marefu yanapita chini ya sakafu mpaka nyuma na upepo unajificha humo, mafundi wengi wanaisahau kabisa.

Kesho yake asubuhi fungua tena rejeta uangalie, kushuka kidogo siku ya kwanza ni kawaida, jaza. Chora mstari kwa peni kwenye kitenki na ufanye hivyo hivyo siku tatu. Zikipita tatu na bado inashuka, kuna mahali panavuja, tafuta madoa makavu ya waridi au meupe kwenye maungio ya mipira na chini ya wota pampu. Halafu lala chini na tochi ufuate yale mabomba ya sakafuni mpaka mwisho. Yangu yalikuwa yametoboka karibu na tairi la nyuma, pale ambapo tope la masika linaganda na kubaki mwaka mzima, katundu ka sindano, gari ikiwa imesimama hakadondoshi hata tone na ikipata presha mlimani kananyunyiza kwenye tairi linalozunguka.